Wenzetu wa Njiani

Hotuba hii ilitolewa mjini Kisumu mbele ya vijana wasafiri, wanafunzi wa utalii na wazazi wao. Inachapishwa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, walimu wenzangu, nanyi vijana ambao shughuli hii ni yenu: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie safari, na nadhani aliyeniomba alitarajia nizungumzie milima, mbuga na miji mikubwa. Hayo nitayaacha. Milima ina picha zake, na kila mmoja wenu anaweza kuiona kwenye simu kabla sijamaliza sentensi hii. Nataka kuzungumzia watu tunaokutana nao tukiwa njiani: yule aliyeketi kiti cha dirishani, yule mliyelala chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya mji msioujua nyote wawili, yule aliyekushikia mzigo mpakani ulipokwenda kugongewa muhuri. Kwa nini mtu wa namna hiyo, ambaye hamkuwahi kuonana na huenda msionane tena, hukaa moyoni kuliko jirani mliyepakana ua kwa miaka? Na je, tuna wajibu wowote kwake?

Swali hili linaufaa mji huu, kwa sababu Kisumu ni mtoto wa njia. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye ukingo wa ziwa mwezi Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Walioijenga ni wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab, pamoja na Waafrika wa pwani na wa bara. Na kati ya wale waliovuka bahari, karibu 2,500 walifia kazini. Walikuwa Waislamu, Masingasinga na Wahindu, watu ambao huko kwao huenda wasingekula chungu kimoja, wakilala mahema jirani katika nyika ya Tsavo na kuzikana wao kwa wao. Kazi ilipokwisha, wengi walirudi makwao na wachache wakabaki. Tunapoulizana hapa Kisumu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya mji huu ilikuja kwa miguu, kwa mashua au kwa behewa, na kwamba karibu kila aliyekuja alikuja na mwenzake.

Mnaniruhusu nianze mbali kidogo? Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aliondoka Tangier, huko Moroko, akielekea Makka kuhiji. Aliondoka peke yake, bila rafiki wala msafara. Jina lake Ibn Battuta, na baadhi yenu mnamfahamu kwa sababu mwaka 1331 alipita pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea Kilwa. Leo tunamtaja kama msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake. Mimi hupenda zaidi kumfikiria katika wiki zake za mwanzo, alipokuwa si chochote. Njiani alishikwa na homa. Mwenzake mmoja alimshauri auze punda wake na mizigo mizito, akaahidi kumwazima mnyama na hema ili wasafiri haraka. Homa ilipozidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Hatimaye wakafika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwapokea wasafiri, kila mmoja akamkumbatia ndugu yake au rafiki yake, na hakuna aliyemsalimu yeye, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Kijana akalia, na hakuficha machozi. Ndipo mmoja wa mahujaji alipotambua kinachomliza, akamwendea, akamsalimu, akaendelea kuzungumza naye kwa wema mpaka walipoingia mjini.

Nawauliza: yule hujaji aligharimika nini? Hakutoa dinari wala hakumbebea mzigo. Alimwona mtu aliyeachwa nje ya mazungumzo, akamwingiza. Ibn Battuta alitembea karibu miaka 30, akakaa na masultani na makadhi, akapewa mavazi ya heshima na farasi, na aliporudi kusimulia yote hayo hakuisahau salamu ya Tunis.

Sasa tuangalie matatu zetu. Ukipanda hapa Kisumu kwenda Nairobi, utapita Ahero, Awasi, Kericho, Londiani na Salgaa hadi Nakuru, na pale Nakuru mtashuka mnunue chai. Katika muda wote huo, mnaongea na nani? Kila mmoja ameinamia simu, masikio ameyaziba kwa muziki, na begi amelipakata kana kwamba aliyeketi kando ni mwizi aliyekwisha kuhukumiwa. Tunajitetea kwamba mwenzetu hataki kusumbuliwa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliwaomba baadhi ya abiria wa treni na mabasi wazungumze na mtu wasiyemjua, na wengine wakae kimya. Watu walipoulizwa kubashiri, walisema safari ya ukimya ndiyo ingekuwa ya raha. Safari zilipokwisha, waliozungumza ndio walioripoti raha zaidi. Kwa hiyo tunanyamaziana kwa heshima, huku kila mmoja akimdhania mwenzake vibaya.

Lakini salamu ni mlango tu, na sitaki tukae mlangoni. Mazungumzo ya kupitisha muda ni kitu kimoja, na ule mshikamano unaowafanya watu wahurumiane kama ndugu ni kitu kingine. Huu wa pili hutoka wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika basi la usiku lililotoka mpaka wa Sirari kuelekea Mwanza. Kampuni haina haja ya kutajwa. Tulipokwisha kupita Bunda, karibu na lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, injini ilikohoa, taa zikafifia, basi likasimama kando ya barabara. Dereva akatuarifu kwa upole kwamba kuna hitilafu ndogo. Mnajua hitilafu ndogo. Kwa muda mrefu kila mtu alibaki na tiketi yake, na manung'uniko yake, na hesabu yake ya hasara. Nje giza lilikuwa zito, na upande wa hifadhini fisi alisikika akilia.

Ndipo mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alipoinuka katika njia ya katikati akasema, "Jamani, tukikaa hivi kila mtu na lake, asubuhi itatukuta tumenuna na njaa juu. Nani ana nini?" Akatandika kanga yake juu ya boneti, pale kando ya dereva. Ikatoka mikate. Yakatoka mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa ndani ya kipande cha gazeti. Akatoka sato wa kukaanga, mkubwa, ambaye mwenyewe alikuwa akimpelekea mkwewe, na tukamhurumia yule mkwe. Kulikuwa na mzee mmoja wa kwenda Shinyanga ambaye tangu Tarime hakuwa ametoa neno. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kisu kidogo chenye mpini wa mfupa, akakifuta kwenye leso, akaanza kumgawa samaki vipande vilivyolingana kwa uangalifu wa kadhi anayegawa urithi. Kuanzia hapo mzee alikuwa ndiye mgawaji, na ikadhihirika kwamba alikuwa na ulimi mtamu kuliko sisi sote. Tulicheka usiku ule mpaka dereva, aliyekuwa chini ya gari na tochi mdomoni, akatoka kuuliza kuna nini.

Kulipokucha lilikuja gari jingine la kutuchukua, na lilikuwa dogo. Viti havikututosha. Jioni iliyotangulia, pale Sirari, watu hawa hawa walikuwa wamegombea viti kwa viwiko, na mimi nilikuwamo. Asubuhi ile hakuna aliyesukuma. Kondakta alipoanza kusoma namba za tiketi, abiria wenyewe walimnyamazisha. Akatangulizwa mama mwenye mtoto mchanga, kisha bibi aliyevimba mguu, kisha kijana mmoja aliyekuwa na mtihani Mwanza saa nne. Wengine tukabaki kando ya barabara pamoja na yule mzee na kisu chake, tukisubiri gari la pili, na sikusikia hata mtu mmoja akilalamika.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Katika saa chache za usiku mmoja, watu wa mataifa mawili, wasiojuana majina, walitunga sheria ya haki wakaitii bila askari. Ndugu zangu wa Bungoma watanielewa haraka nikisema kwamba nimekwisha kuliona jambo la jinsi hii kwingine. Kwa Wabukusu, vijana hutahiriwa mwezi Agosti kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na waliotahiriwa pamoja wanaitwa bakoki. Mwana wa tajiri na mwana wa kibarua hupakwa tope lile lile la baridi alfajiri, husimama uwanjani vile vile, na uhusiano wao haufi mpaka uzeeni. Victor Turner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia katika miaka ya 1950, aliziangalia sherehe za jando akaona kwamba wale waliokwisha kuuacha utoto na bado hawajaupata utu uzima hupoteza vyeo vyote, na katika upungufu huo wa vyeo huzaliwa usawa na upendo wa aina ya pekee. Baadaye alilipeleka wazo hilo kwa mahujaji wa dini mbalimbali. Nadhani lilifaa kabisa, kwa maana msafiri naye yuko katikati: ameondoka, hajafika. Usiku ule mimi sikuwa mwalimu wa mtu yeyote na yule mama hakuwa na duka. Tulikuwa watu wenye njaa, basi.

Namwona mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa, na ninajua anachotaka kuniambia. "Mwalimu, unawafundisha watoto wetu kula chakula cha watu wasiowajua ndani ya mabasi?" Mama yangu, hofu yako ni ya haki. Sote tumesikia habari za abiria aliyepewa biskuti au soda, akalala, akaamka hana simu, hana pesa, wakati mwingine yuko hospitalini. Wahudumu wa mabasi hututahadharisha kabla ya kuondoka, na wanafanya vyema. Lakini tofautisheni mambo mawili, tafadhali. Chakula cha usiku ule kiliwekwa hadharani, kikakatwa mbele ya macho ya wote, na waliokileta walikula kwanza. Biskuti ya mwizi hutolewa kwa siri, kwa mtu mmoja, na mtoaji haonji. Urafiki wa njiani ulio mzuri hufanyika mbele za watu, haukuharakishi, wala haukuombi uwafiche wengine. Akikwambia mtu, "Njoo mimi na wewe tu, kuna njia ya mkato," mshukuru, ukae na wenzako. Na hata kwa rafiki mwema, wahenga walituachia neno: usisafirie nyota ya mwenzio. Shirikianeni mkate na habari, lakini kila mtu ajue anashuka wapi.

Sasa nataka tuingie katika jambo ambalo hotuba za safari hupenda kulikwepa. Ni nani tunayemhesabu kuwa mwenzetu wa safari?

Mnamkumbuka David Livingstone kutoka shuleni. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba kwa miguu kwa muda wa miezi tisa hivi mpaka Bagamoyo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Walioongoza walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa kijana. Alikuwamo Jacob Wainwright, naye aliyekuwa mtumwa, aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi. Alikuwamo Halima, mpishi.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele kidogo wakaambiwa kwamba maiti haitapita katika nchi za watu. Wakatengeneza mzigo wa uongo, wakautuma nyuma kana kwamba ndio mwili unaorudishwa kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa nguo wa kawaida. Namna hiyo wakapita.

Tangu utoto wangu tunasimuliwa kisa hiki kama kisa cha watumishi na utii wao kwa bwana wao. Mimi sikubaliani. Bwana alikuwa amekufa, hakuna wa kuwaamuru wala wa kuwaadhibu, na kila mmoja angeweza kuchukua sehemu yake ya nguo na shanga akaenda zake. Ninachokiona ni watu wa makabila na lugha tofauti, wengi wao waliong'olewa makwao kwa nguvu, waliokuwa wametembea pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba waliweza kukaa chini, wakashauriana, wakafikia uamuzi mgumu na kuutimiza bila kusambaratika. Huo ni mshikamano wa njia, na ni mkubwa kuliko wowote ninaoujua.

Walitendewaje? Walipofika pwani mwanzoni mwa 1874 walilipwa ujira, wakaachwa waende. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi London na kuhudhuria mazishi ya Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka huo. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza nishani kwa ajili ya wanamsafara, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Kwa nini nawasumbua na habari za zamani? Kwa sababu bado tunafanya hivyo hivyo. Vijana wa utalii, mtaongoza wageni. Mgeni atarudi kwao aseme, "Nilisafiri peke yangu Afrika Mashariki," ilhali alikuwa na dereva, mpishi, mpagazi na mwenye mashua. Na sisi wenyewe je? Tunamwita msafiri yule mwenye begi kubwa mgongoni, na mama anayevuka Busia kila wiki na magunia yake ya omena tunamwita mchuuzi, ingawa anajua Kampala kuliko mwongoza watalii yeyote. Utingo aliyelala juu ya mizigo ili yako isiibiwe, ulimuuliza jina lake? Ukishiriki safari na mtu na usishiriki naye hata jina, umekwenda peke yako kwa kupenda.

Nipite upesi juu ya swali ambalo vijana huniuliza daima: urafiki huo udumishwe vipi baada ya kuachana? Kuna makundi ya WhatsApp yanayoundwa kwenye meli au mlimani kwa viapo vikubwa, na baada ya miezi michache yamebaki na salamu za Krismasi. Sioni msiba hapo. Urafiki mwingine kazi yake ilikuwa ni kukuvusha, na umekuvusha. Wenye kudumu hudumu kwa sababu kuna kitu cha kufanya pamoja. Wanahistoria wengi huunganisha utani wa Wazaramo na Wanyamwezi na misafara ya biashara ya karne ya 19: watu wa bara waliposhuka pwani na mizigo, wenyeji na wageni walijikuta wakihitajiana, na uhusiano huo ukawekewa adabu zake, mpaka mtani akawa na kazi maalumu msibani. Safari iliacha taasisi.

Au mtazameni mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann. Mwezi Agosti 1909 alikuwa akitembea mashambani na wanafunzi wake, wakakutwa na dhoruba kali, wakajihifadhi usiku ule katika shule ya kijiji, wakalala juu ya nyasi kavu. Akiwa macho, radi zikipiga, aliwaza: mbona shule zote hukaa tupu wakati wa likizo, nasi tunatafuta pa kulala? Mwaka 1912 hosteli ya vijana ikafunguliwa katika ngome ya Altena, na wazo hilo likaenea duniani. Shule za kata zetu zote hukaa tupu mwezi Agosti. Nalisema hili mbele ya wakuu wa shule waliomo humu makusudi, na nitawafuata wakati wa chai.

Vijana wangu, msingoje pesa za Ulaya. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, na pale Busia tangu 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, kwa hiyo husimami foleni mara mbili kama sisi tulivyosimama. Nendeni. Chukueni chakula kinachogawanyika, mayai yakiwa bora kuliko wali. Bebeni kisu kidogo ikiwa mnasafiri kwa barabara, maana uwanja wa ndege watakinyang'anya. Mkiingia garini, msalimuni aliye kando yenu kabla hajatoa simu, kwa sababu akishaitoa mmechelewa.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali yaanzie kwa wale vijana wa nyuma kabisa, ambao kwa nusu saa nzima wamekuwa wakinong'onezana kuhusu nauli ya Kampala. Asanteni sana kwa kunisikiliza.